Nyimbo za Mto Tana zina wenyewe

Si haba siku hizi kusikia redioni kwamba bendi fulani ya vijana imetoa wimbo mpya wenye "ladha ya asili". Mtangazaji huyatamka maneno hayo kwa bashasha, kisha gitaa lisilo la umeme hulia, kayamba hufuata, na sauti ya binti huingia na maneno ya Kigiriama, Kitaita, Kijaluo au Kipokomo. Nami hufurahi kama wafurahivyo wengine. Hata hivyo, wimbo ukiisha hubaki na swali ambalo mtangazaji hajawahi kunijibia: maneno hayo na mahadhi hayo yametoka kinywani mwa nani?

Naliuliza swali hili mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi kwa sababu moja. Nyimbo za aina hii hazipatikani dukani wala katika maktaba za serikali. Hupatikana vijijini, kwa wazee, na aghalabu hufika mjini kupitia shuleni. Mwalimu wa muziki huzikusanya kwa ajili ya mashindano, mwalimu wa Kiswahili huzikusanya kwa ajili ya somo la fasihi simulizi, na mwanafunzi aliyezijifunza hapo ndiye anayekuja kuanzisha bendi miaka mitano baadaye. Tusijidanganye kwamba jambo hili ni la wasanii wa Nairobi na Mombasa peke yao.

Kwanza nitoe sifa panapostahili sifa. Bendi hizi ni huru. Hazina kampuni inayozigharimia, hazina meneja mwenye gari, wala hazilipwi mpaka wimbo uwe umekwisha kutoka. Vijana hukodi studio kwa saa, wakarekodi wimbo mmoja tu kwa kuwa fedha za albamu nzima hawana, wakautia kwenye mtandao, kisha wakangoja. Wimbo huo mmoja, singo kama wanavyouita wenyewe, ndio turufu yao yote. Kwamba wanachagua kuitumia turufu hiyo kwa lugha ya nyanya zao, badala ya kuiga mtindo unaotamba Lagos au Johannesburg, ni ushujaa ambao kizazi changu hakikuwa nao kwa wingi.

Wala kuichukua ngoma ya nyumbani na kuivalisha gitaa si jambo jipya hapa Pwani. Them Mushrooms walilifanya kabla wengi wa wasomaji wangu hawajazaliwa. Waliipeleka chakacha katika kumbi za hoteli, na mwaka 1980 wakatoa "Jambo Bwana", wimbo wa Teddy Kalanda Harrison ambao Boney M wa Ujerumani waliurekodi kwa namna yao mwaka 1983. Wimbo ule ulizaliwa ukiwa na cheti cha kuzaliwa. Santuri ilikuwapo, tarehe ilikuwapo, na jina la mtunzi lilikuwapo. Aliyetaka kuutumia alijua mlango wa kubisha. Bembelezi ya mama wa Kipokomo haina cheti cha namna hiyo, na hapo ndipo penye taabu.

Tana River ni mahali pazuri pa kuitazama taabu hiyo, kwa maana watu wa huko wamekwisha kuionja mara mbili, na kila mara iliwagusa katika sauti.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1902. Wapokomo walikuwa na ngoma kuu iitwayo Ngadji. Haikuwa ngoma ya kuchezea harusini. Ilikuwa ngoma ya ibada na ya utawala, iliyotunzwa na wazee na kusikika kutoka mbali, na mlio wake ulikuwa ndio sauti ya mamlaka ya jamii nzima. Maofisa wa kikoloni wa Kiingereza waliitwaa. Mwaka 1908 ikaingia katika hazina ya jumba la makumbusho la British Museum mjini London, na huko imekaa kwa zaidi ya miaka 100, si katika ukumbi wa maonyesho bali ghalani. Wazee wa Wapokomo, pamoja na mfalme wao wa jadi, wamekuwa wakiomba irudishwe. Mwanafunzi wa Garsen anayetaka kujua ngoma ya babu zake ililiaje hana pa kwenda kuuliza. Anaweza kusoma kwamba ilikuwapo, basi.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1963, na hii ndiyo iliyo karibu zaidi na shauri letu. Nchi ilikuwa inangoja uhuru wa tarehe 12 Desemba, na wimbo wa taifa ulikuwa haujapatikana. Kamati ya wanamuziki watano iliundwa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuagiza wimbo kutoka Ulaya kama zilivyofanya nchi nyingine. Waliyatafuta mahadhi humu humu nchini, na waliyoyachagua yalikuwa ya bembelezi ambayo kina mama wa Kipokomo waliwaimbia watoto wao. Ndiyo kusema kila asubuhi ya gwaride, kutoka Vanga hadi Lokichoggio, watoto wa Kenya husimama wima na kuimba sauti iliyotungwa ili mtoto mmoja wa kando ya Tana apate usingizi.

Ni heshima kubwa, na sidhani yuko Mpokomo asiyeionea fahari. Lakini jaribu kuwauliza wanafunzi wa kidato cha pili ni nani waliotunga wimbo wa taifa. Walio hodari watakutajia majina ya kamati. Wachache watasema "ni wimbo wa Wapokomo". Jina la Mzee Meza Morowa Galana, ambaye watu wa Tana wanamtaja kuwa ndiye aliyeupeleka wimbo huo kwa wakusanyaji, hutalisikia ila kwa nadra. Majina ya wale kina mama ndiyo kabisa, hakuna aliyeyaandika. Kamati ilifanya kazi iliyotukuka na majina yao yanastahili kukumbukwa. Ninachosema ni kwamba karatasi yenye nafasi ya majina matano ingeweza kupata nafasi ya jina la sita na la saba. Wino haukuwa haba.

Kuna jambo jingine linalonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika Ngao mwaka 1887, na Wamethodisti walikuwa tayari Golbanti, ng'ambo si mbali. Walileta nyimbo zao za ibada, zikafasiriwa kwa Kipokomo na Kiswahili, na watu wakazipenda. Fungua kitabu cha nyimbo cha kanisa lolote la namna hiyo utakuta chini ya wimbo au juu yake limeandikwa jina la Mzungu aliyetunga maneno, na jina la mwingine aliyetunga sauti, na pengine miaka waliyoishi. Mtu aliyefariki Leipzig miaka 300 iliyopita anatajwa kila Jumapili kandokando ya Mto Tana. Mwanamke aliyefariki Ngao juzi, ambaye wimbo wake unachezwa redioni, hatajwi.

Sasa nije kwa tukio lililonisukuma kuandika. Vijana watatu niliowafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari karibu na Garsen, wavulana wawili na msichana mmoja, wameunda bendi. Wanapiga magitaa mawili na ngoma ya kupigwa kwa viganja, na msichana ndiye mwimbaji. Mwaka huu wameamua kutoa wimbo wao wa kwanza. Mahadhi yake ni ya wimbo wa kupiga makasia ambao msichana huyo alijifunza kwa nyanya yake. Beti mbili ni za nyanya, beti moja na kiitikio kipya ni vyao. Walipotaka kuutia mtandaoni walikuta fomu ya kujaza, na katika fomu hiyo mna kisanduku kinachouliza jina la mtunzi. Wakanipigia simu. "Shikamoo, Mwalimu. Hapa tuandike nini?"

Walikuwa wameshauriwa na rafiki yao mmoja wa mjini waandike majina yao wenyewe, kwani "wimbo wa kienyeji hauna mwenyewe". Rafiki huyo kisheria hakukosea sana kwa jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Hakimiliki ya kawaida nchini Kenya humlinda mtunzi anayejulikana, katika maisha yake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Wimbo ambao mtunzi wake hajulikani, uliopokezanwa kwa vinywa, huanguka nje ya wavu huo kama dagaa. Anayeutengeneza upya na kuurekodi hupata hakimiliki ya matengenezo yake na ya rekodi yake, na mirabaha ikija humwendea yeye.

Ila sheria haikusimama hapo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, ililitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinapata fidia au mirabaha pindi utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni. Nyimbo na ngoma zimo ndani yake. Anayetaka kuzitumia kwa biashara nje ya desturi anatakiwa kupata idhini ya jamii yenyewe kwanza, kutaja chanzo, na kukubaliana nayo juu ya mgawo wa faida. Huo ndio msimamo wa nchi katika karatasi. Ningependa kukutana na bendi moja, moja tu, ambayo imewahi kuelezwa habari za sheria hiyo na mtu yeyote kabla ya kuingia studio.

Niliwaambia vijana wangu wasijaze chochote hadi tumemwona nyanya mwenyewe. Tulikwenda. Mama yule ni mzee wa makamo ya themanini, macho hayaoni vizuri lakini masikio ni mazima. Mjukuu wake alimwimbia wimbo ule na gitaa. Alitikisa kichwa mara moja mahali ambapo walikuwa wameharakisha, akawaonyesha kwa kiganja kwamba kasia haliingii majini upesi hivyo. Tulipomuuliza kama jina lake liandikwe kuwa ndiye mtunzi alikataa katakata.

"Mwanangu," aliniambia, "wimbo huu nilipewa na mama, naye alipewa na mamake. Nikisema ni wangu nitakuwa mwizi kama hao wengine."

Hapo, msomaji, ndipo nilipoona kwamba jambo hili si jepesi kama tunavyolifanya katika makala za magazetini. Rafiki wa mjini anasema wimbo hauna mwenyewe, kwa hiyo ni wa anayeuokota. Mama mzee anasema wimbo una wenyewe wengi, kwa hiyo hauwezi kuwa wa mmoja. Maneno yao yanakaribiana kwa sauti na kutofautiana kwa maana kama mbingu na ardhi. Kisanduku cha fomu hakina nafasi ya maneno ya yule mama. Kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa chumbani na kalamu.

Wapo watakaonipinga, na mmoja ni mwalimu mwenzangu ninayemheshimu sana, bingwa wa kufunza kwaya. Yeye husema: "Ukianza kuwadai vijana vibali na hisa, wataziacha nyimbo za Tana na kwenda kuimba za Kimarekani. Nyimbo zitakufa pamoja na wazee, nawe utakuwa umezilinda hadi kaburini." Hoja hiyo ina uzito. Wimbo usioimbwa hufa, sheria iwepo isiwepo. Na mimi sitaki kuona vijana watatu wasio na nauli ya kwenda Malindi wakizungushwa ofisi hadi ofisi kutafuta mhuri wa kuruhusiwa kuimba wimbo wa nyanya yao.

Lakini mwenzangu huyo huchanganya mambo mawili. Kutaja na kulipa si kitu kimoja. Kulipa kunaweza kuleta mzozo, hasa pale ambapo chenyewe cha kugawana ni shilingi chache. Kutaja hakugharimu kitu. Wala asiniambie kwamba kutaja si desturi yetu, kwa kuwa ndiyo desturi yetu hasa. Watunzi wengi wa tenzi za zamani walikuwa na mazoea ya kuziweka beti za mwisho kwa ajili ya kujitaja, kutaja tarehe, na hata kuhesabu beti ili asije mtu akapunguza au kuongeza. Hapo Kipini, ambapo Tana humwagika baharini, na katika sehemu za Ozi, ndiyo nchi ya Fumo Liyongo. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kisa chake gerezani: alitunga wimbo, akaupeleka kwa mama yake kupitia kijakazi Saada, na ndani ya wimbo mlikuwa na ombi la mkate wenye tupa. Karne zimepita, hati zimeliwa na mchwa, na wataalamu bado wanabishana aliishi lini. Lakini nyimbo zinazosemwa kuwa zake bado zinaitwa za Liyongo. Watu wasiokuwa na kinasa sauti wala fomu waliweza kulihifadhi jina. Sisi wenye simu mfukoni tunashindwa na nini?

Dunia nayo imetupa mifano, mmoja mchungu na mmoja mtamu kidogo. Mchungu ni wa Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939. Wimbo ulivuka bahari, ukaimbwa Marekani na The Weavers kwa jina la "Wimoweh", kisha mwaka 1961 The Tokens wakautoa kama "The Lion Sleeps Tonight", na baadaye ukaingia katika filamu ya watoto inayojulikana ulimwengu mzima. Wengi waliouchukua walidhani, au walijifanya kudhani, kwamba ni wimbo wa kienyeji usio na mwenyewe. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walifikia mapatano ya kulipwa mwaka 2006, miaka 67 baada ya rekodi ya kwanza. Mtamu ni wa nyumbani. Mwaka 2018 Kanye West alitoa wimbo uitwao "Yikes", na ndani yake mna kipande cha "Kothbiro" ya bendi ya Kenya Black Savage, ya mwaka 1976. Safari hii majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada yaliandikwa miongoni mwa watunzi. Kwa nini Linda alikosa na hawa wakapata? Sababu ni nyingi, lakini moja ni kwamba kufikia 2018 yalikuwapo maandishi yanayoonyesha nani aliimba nini, wapi na lini, na ulimwengu ulikuwa umejifunza kuogopa maandishi ya namna hiyo.

Maandishi hayo ndiyo ninayotaka yaanzie shuleni. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na kila mwaka shule zetu hupeleka huko nyimbo za kienyeji kwa makumi. Waamuzi hutoa alama kwa uhalisi wa wimbo, mavazi na lugha. Shule hupata kombe, mwalimu hupata barua ya pongezi na pengine kupandishwa cheo. Mzee aliyetoa wimbo hupata nini? Miaka kadhaa iliyopita shule moja kutoka mbali ilikuja katika kijiji ninachokijua, ikakaa siku mbili na kina mama wa kikundi cha ngoma, ikarekodi kila kitu, ikaondoka na ahadi nyingi. Wimbo ule ulishinda. Niliiona karatasi ya maelezo iliyotolewa pamoja nao: jina la shule lilikuwapo, la mwalimu lilikuwapo, na mahali pa asili ya wimbo paliandikwa "Pwani". Pwani! Kutoka Lungalunga hadi Kiunga, wote tumekuwa kijiji kimoja.

Mwalimu anayewatuma wanafunzi kukusanya bembelezi, hodiya na mbolezi awaambie waandike mambo manne kabla ya kuandika ubeti wa kwanza: nani aliyeimba, kijiji gani, siku gani, na yeye aliupata kwa nani. La mwisho ndilo kubwa. Ndilo linalomwezesha mama kama yule wa kwetu kutajwa bila kuitwa mwizi, maana hatajwi kuwa mtunzi, anatajwa kuwa mpokezi na mlezi wa wimbo. Daftari la mwanafunzi wa darasa la 8 lenye mambo hayo manne lina thamani kuliko tasnifu isiyo nayo. Na mwanafunzi aulize ruhusa, kwa adabu, kama tunavyobisha hodi. Ziko nyimbo za mambo ya siri za wazee ambazo hazikukusudiwa jukwaa, na akiambiwa hapana, basi ni hapana.

Sitaki kuficha hatari iliyomo katika shauri langu hili. Tana River si mto wa Wapokomo peke yao. Kuna Waorma, Wawardei, Wamunyoyaya, Wailwana ambao wengine huwaita Malakote, Waata, na Waswahili wa Kipini. Wamebadilishana mahindi na maziwa, maembe na ng'ombe, na kwa hakika wamebadilishana nyimbo pia. Tunakumbuka yaliyotokea katika delta mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, Riketa, Kilelengwani na Kipao, watu zaidi ya 100 wakiuawa katika ugomvi uliohusishwa na maji, malisho na siasa. Sipendi kuona siku ambapo wimbo nao utawekewa mpaka, na kijana wa Kiorma aambiwe asiuimbe kwa kuwa ni wa ng'ambo ile. Ukisema wimbo ni mali, umemkaribisha wakili. Na wakili akija, jirani hujifunga kibwebwe.

Ndiyo maana nasisitiza kutaja kabla ya kudai. Orodha inayosema "wimbo huu tulipewa na fulani wa Hewani, naye anasema waliimba pamoja na wachungaji walipovuka mto" haiwatenganishi watu. Inaonyesha njia wimbo ulikopita, na njia hiyo mara nyingi hupita katika boma la jirani. Nimewahi kumsikiliza mzee wa Kiorma akiimba sifa za ng'ombe zake huku kijana wa Kipokomo aliyeketi kando akimwitikia bila kukosea neno. Hakuna aliyemuuliza kibali.

Serikali ya kaunti yetu huko Hola nayo ina wajibu. Sheria ya 2016 inazitaka kaunti ziwe na daftari la mambo haya, lisajili maarifa na semi za kitamaduni za watu wake. Si kazi ya mamilioni. Kwa kuanzia, chumba kimoja, kompyuta moja, na mtu mmoja anayejua Kipokomo na mwingine anayejua Kiorma vingetosha. Shule zingepeleka huko nakala za walivyokusanya kila mwisho wa mwaka. Bendi ya vijana ikija na kuuliza "wimbo huu ni wa nani?" ingefunguliwa ukurasa na kuonyeshwa. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, na yale ya 2018, na yale yaliyoanza mwishoni mwa 2023, yamekwisha kutufundisha kinachotokea kwa karatasi zinazowekwa darasani kando ya Tana, kwa hiyo nakala moja ikae Hola na nyingine ikae mbali na mto.

Kuhusu fedha, vijana wangu walipata suluhisho lao ambalo sikulifikiria mimi. Wamekubaliana na nyanya kwamba wimbo ukileta chochote, sehemu moja katika nne itakwenda kwa kikundi cha kina mama ambacho yeye ni mwanachama, si kwake peke yake. Wameliandika hilo kwa mkono katika karatasi moja, nyanya ameweka dole gumba, nami nikatia sahihi kama shahidi. Sijui wakili angesema nini juu ya karatasi hiyo. Kina mama wanataka kwanza kununua ngoma mpya, kwa kuwa yao ilipasuka.

Na kile kisanduku? Hakikukubali maneno marefu, kwa hiyo wameandika "Wimbo wa jadi wa Wapokomo, matengenezo na bendi", na katika maelezo yanayoandamana na wimbo wameeleza yote: jina kamili la nyanya, kijiji, mwaka aliodhani aliufunzwa, na jina la mama yake aliyemfunza. Rafiki wa mjini amewaambia hakuna asomaye maelezo. Wamerudi studio kurekodi upya, polepole zaidi, kama nyanya alivyowaonyesha kwa kiganja.